Viatu Pea Kumi, Watu Tisa

Dada yangu Zuwena ndiye aliyenipa neno la kuanzia. Nilipomwambia kuwa nimeacha kazi ya kutembeza wageni ili nimsaidie kwenye duka lake la mikate hapa Ansab, mtaa wa Maskati, alisema kuacha kazi ni kwa watu waliofukuzwa. Mtu aliyefanya kazi moja miaka saba bila kufukuzwa ana haki ya kusema amestaafu. Basi nimestaafu. Nina umri wa miaka ishirini na sita.

Wenzangu wawili walioingia ofisini mwaka huu wameniomba niwaandikie ninayoyajua, kwa sababu nikiulizwa kwa mdomo huwa nasema "mtaona tu" na kuondoka. Kuandika naandika polepole. Shule yangu iliishia darasa la saba, Tabora, kabla familia yetu haijahamia huku kwa ndugu, na nilipofika Maskati umri wa kuanza upya kwa Kiarabu ulikuwa umenipita. Ukurasa mmoja unanichukua jioni mbili. Kwa hiyo msitarajie mengi, na hayo machache msiyapoteze.

Ofisi yetu mnaijua, iko Wadi Kabir juu ya gereji ya kunyoosha bodi za magari, na mgeni akipiga simu inabidi umwambie subiri mpaka nyundo inyamaze. Mimi nilikwenda pale kuomba kazi ya kuosha magari. Mwenye ofisi akaniuliza najua lugha gani. Nikasema Kiswahili, na Kiarabu cha dukani. Akasema Kiswahili ndicho anachokitafuta.

Alikuwa ameanzisha safari ya siku nzima aliyoiita safari ya mahekalu na wadi. Wateja wake walikuwa Wahindi wa Dar es Salaam, Mombasa, Unguja na Kampala, watu ambao babu zao walifanya biashara Matrah, bandarini hapa Maskati, kabla ya kuvuka kwenda Afrika. Wenyewe kwa wenyewe wanasema Kigujarati, lakini wakikutana na mtu wa huku mwenye asili ya Unguja au ya bara, ni Kiswahili tu mpaka jioni. Asubuhi tunawapeleka kwenye hekalu la Darsait, halafu kwenye lile dogo la Maskati ya zamani, kisha tunashika barabara ya Quriyat mpaka wadi ya Tiwi, ambako maji yanapita katikati ya milima na mitende. Wageni huuliza kama wadi ni mto. Wajibuni kwamba ni mto siku unapotaka.

Aliyenifundisha kazi ni Ammi Salum, dereva na mwongozaji. Alizaliwa Unguja, akaja huku kijana, akafanya kazi wizarani kule Al Khuwair mpaka akastaafu. Alikaa nyumbani siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mkewe mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi ya kuendesha basi dogo.

Siku yangu ya kwanza Ammi Salum alinipa kipaza sauti tulipokuwa tukiipita raundabauti ya Wadi Kabir. Nikasema, "Karibuni." Halafu nikawaona watu kumi na wawili wakinitazama, na maneno yote niliyoyakariri yakashuka garini. Tukaenda hivyo mpaka Darsait. Ammi akachukua kipaza sauti kwa mkono mmoja, akawaeleza wageni kuwa mwongozaji wao wa leo ana desturi ya kuwaachia watu watazame kwanza. Mama mmoja wa Mombasa akasema ni vizuri hivyo, kwani yule wa jana yake huko Dubai hakunyamaza hata alipokuwa akila. Tangu siku ile Ammi aliniita Bubu. Jina lilinikaa kama shati la kushonewa.

Sasa vifaa. Fimbo yenye kitambaa cha kijani, ili wakuone kwenye watu wengi. Chupa mbili za chai, moja ya maziwa na moja kavu. Ndimu na chumvi kwa wanaochafukwa na roho kwenye kona za milimani, na mifuko ya plastiki kwa wanaosema hawachafukwi. Kandambili za akiba, saizi kubwa, kwa maana wako watu wanaokuja kwenye mawe ya wadi na viatu vya harusi. Kanga mbili, kwa wanaoingia majini na nguo moja waliyo nayo. Msinunue miavuli ya bei rahisi, upepo wa Quriyat utaichukua na ninyi mtabaki na vijiti.

Mgeni wa Afrika ya Mashariki akifika kwenye maji yoyote atauliza kama kuna mamba. Msimcheke, kwao hilo ni swali la maana. Mwambieni hakuna mamba, kuna samaki wadogo wanaotafuna ngozi iliyokufa miguuni, na kwamba mjini watu hulipia huduma hiyo. Mzee mmoja wa Kampala aliwahi kukataa kuingia hata baada ya kuambiwa. Alisema mamba hatangazi.

Na mgeni akiuliza kama bado mbali, msiseme kamwe "dakika tano". Semeni "tukifika".

Nakuja kwenye kuhesabu watu, jambo lililonifanya niiandike karatasi hii. Ammi Salum alikuwa hahesabu watu. Alisema watu si mbuzi, na ukimnyooshea binadamu kidole ukasema wewe wa tatu, wewe wa nne, unamwita mtu asiyekuwapo aje akamilishe hesabu yake. Mama yake alimfundisha hivyo, na bibi yake alimfundisha mama yake. Lakini kazi ya wageni bila hesabu haiendi. Kwa hiyo yeye alihesabu viatu.

Ilikuwa njia nzuri, na safari ile ilikuwa kama imeundwa kwa ajili yake. Hekaluni kila mtu huvua viatu mlangoni. Sisi Waislamu hatuingii, tunakaa nje kwenye kivuli na viatu vyao, na viatu havitembei ovyo wala haviulizi maswali. Viatu vyote vikiondoka, watu wote wametoka. Garini nako tulipita mlangoni tukihesabu viatu sakafuni, kwa sababu wageni wengi wakitoka hekaluni hawavai vizuri, wanaviacha chini na kukunja miguu juu ya kiti. Kwangu mimi njia hii ilikuwa rehema. Mtu mwenye haya anaweza kuhesabu viatu siku nzima bila kumtazama yeyote usoni. Miaka minne nilihesabu hivyo, na hatukukosea hata pea moja.

Mwaka wa nne, mwezi wa baridi, ikaja familia ya watu kumi kutoka Dar es Salaam. Mkubwa wao alikuwa bibi wa miaka themanini na kitu. Wote walimwita Ba, ndiyo bibi kwa lugha yao, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Mwanawe, Bwana Kirit, alikuwa na kiwanda cha magodoro na alizungumza kama mtu anayeongea na mashine inayowaka. Kwa wingi wao tulichukua magari mawili, basi dogo la Ammi na gari la juu, la kupandia milima, la dereva wetu wa pili, Yusufu.

Ba alikaa kiti cha mbele nyuma ya dereva, karibu na mlango, na kabla hatujafika Darsait alikuwa ameshatueleza alichokijia. Alizaliwa Matrah. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa huko, na Ba alikuwa na dada mmoja, Lila, aliyemzidi miaka minne. Baba yao aliwaahidi wasichana hao kuwa siku moja atawapeleka milimani wakaone maji yanayotembea, maana wao walijua maji ya bahari na ya mtungi tu. Kila wiki alisema wiki ijayo. Halafu familia ikahamia Dar. Lila alikuwa amefariki mwaka ule ule waliokuja kwetu, bila kuyaona. Kwa hiyo Ba alitaka maua yabarikiwe kwenye mahekalu yote mawili, kisha ayaweke kwa mkono wake kwenye maji yanayotembea, kwa niaba ya dada yake. Yawe yanatembea kweli, alisema, si ya bwawa wala ya bomba. Na iwe siku hiyo, kwa sababu kesho yake alfajiri walikuwa na ndege.

Ammi akamwambia, "Mama, leo maji utayashika kwa mkono wako, inshallah."

Darsait ilikwenda vizuri. Viatu pea kumi vikavuliwa, pea kumi vikavaliwa. Tulipofika Maskati ya zamani, Ba alivua kandambili zake akiwa bado garini, akazisukuma chini ya kiti. Akamwambia mkwewe kuwa kwenye hekalu lile alikuwa akija mtoto, peku, na leo ataingia vile vile. Akashuka na maua yake ndani ya kikopo cha bati cha chakula, akapita mbele yangu akikanyaga taratibu. Mimi nilimwona.

Mlangoni nikahesabu pea tisa, na nikajua kwa nini ni tisa. Walipotoka, pea tisa zikaondoka. Hapo kukawa na vurugu kidogo ya kupanda. Watoto waliokuwa na Yusufu walitaka basi, watu wazima wawili waliokuwa basini wakaenda kwa Yusufu wanyooshe miguu. Nikapita kwenye magari kama kawaida, macho chini. Kwa Yusufu pea tatu. Kwetu pea saba, na mojawapo kandambili za Ba chini ya kiti cha mbele.

Ammi akauliza, "Pea ngapi, Bubu?"

"Kumi."

"Haya, twende."

Nitasema ukweli, kwa kuwa nyinyi ndio mtakaofuata. Nilikiona kiti cha Ba kiko kitupu. Nikawaza, labda kaenda kwa mwanawe kwa Yusufu. Kisha nikawaza, lakini hakupita mbele yangu. Kujua ilikuwa kazi ya sentensi moja: Jamani, Ba yuko wapi? Niliitengeneza sentensi hiyo kichwani. Niliirekebisha. Nikawa naisubiri ipoe, na gari likaondoka. Waliokuwa basini walidhani Ba yuko kwa Kirit, na Kirit alidhani mama yake yuko kwenye kiti chake.

Tuliondoka saa nne na robo. Baada ya Quriyat, kwenye saa tano u nusu, tukasimama kituo cha mafuta watu wanywe chai. Bwana Kirit akaja dirishani kwetu na kikombe cha chai isiyo na sukari, akasema, "Mpeni Ba." Mkewe akasema, "Si yuko kwenu?" Wakatazamana. Halafu wote wakamtazama Ammi, na Ammi akanitazama mimi, na mimi nikatazama kandambili.

Sitaandika yote aliyoyasema Bwana Kirit. Baadhi yalikuwa Kigujarati, nayo niliyaelewa vizuri zaidi. Ba hakuwa na simu. Namba ya hekaluni hatukuwa nayo. Kirit aliamua safari imekwisha, wote warudi hotelini. Ammi akamtuliza, akasema watoto hawana kosa. Tukakubaliana kwamba watu wote wabanane kwenye gari la juu waende na Yusufu wadini, na basi lirudi Maskati na Ammi, Kirit na mimi. Kwa nini mimi, sikuuliza. Mtu aliyepoteza kitu ndiye anayekwenda kukitafuta.

Tukageuza basi, tukashika barabara ya Maskati. Kandambili zilikuwa zikiteleza mbele na nyuma kila kwenye kona. Nikaona afadhali nigombezwe kuliko kuzisikiliza.

"Nilimwona akiingia peku," nikasema. "Nilijua viatu vyake viko garini. Na kiti nilikiona kitupu."

Kirit akageuka mzima mzima. "Uliona? Na kwa nini hukusema?"

"Niliona haya."

Nadhani katika maisha yake ya magodoro hakuwahi kukutana na sababu kama hiyo. "Kuona haya kuuliza mama yangu yuko wapi?"

"Mwenye kumfundisha kuhesabu viatu ni mimi," akasema Ammi Salum bila kuondoa macho barabarani. "Yeye kahesabu nilivyomfunza. Ukitaka kugomba, Kirit mwanangu, gomba na mwenye mvi. Mimi nna pahala pa kukaa, hapa kwenye kiti, siendi popote."

Kirit akageuka mbele. Baadaye kidogo akauliza Ammi ana watoto wangapi. Ammi akasema hajawahi kuwahesabu. Hapo Kirit alicheka, bila kupenda, kama mtu anayekohoa.

Tulifika saa saba kasoro robo. Hekalu lilikuwa limeshafungwa hadi jioni. Nikatazama huku na huku, halafu nikamwona. Ba alikuwa amekaa nje kivulini kwenye kiti cha mlinzi, kikopo cha maua mapajani, miguu juu ya kipande cha boksi, na mlinzi mwenyewe kasimama pembeni kama yeye ndiye mgeni. Alikuwa akila ndizi. Mlinzi alikuwa ameshajua majina ya wajukuu wote.

Kirit akaenda karibu akimbie. Alimwuliza mama yake kama ameumia, kama ameogopa, kama amekunywa maji. Ba akamaliza ndizi kwanza.

"Niogope nini? Nimemaliza sala, natoka nje, mmekwenda na viatu vyangu. Nikasema hawa watarudi tu." Akanyoosha mguu. "Viko wapi?"

Nikapiga magoti nikamvisha. Nikazisukuma kwa nguvu, akaniambia nisibane.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Kirit alisema sasa tunakwenda hotelini. Mama amechoka, jua kali, mpaka Tiwi ni mwendo wa saa mbili, na jioni kwenye magenge yale giza linaingia mapema. Hakukosea hata neno moja. Ammi alisogea kando, kwa kuwa mtoto wa mtu alikuwa akisema juu ya mama yake. Ba hakubishana na mwanawe. Alikishika kikopo chake kwa mikono miwili, akanigeukia mimi.

"Wewe kijana, njia unaijua. Tutafika tukayakute maji, au hatutafika? Usiniambie wiki ijayo."

Miaka minne nilikuwa nikiacha swali kama lile lipite juu ya kichwa changu liende kwa Ammi. Nikamtazama Ammi. Alikuwa akisafisha miwani yake, nayo ilikuwa safi.

Nikapiga hesabu. Kule kwenye bwawa tunakopeleka wageni siku zote, mtu anatembea nusu saa juu ya mawe. Ba hawezi, hata akibebwa. Lakini kijiji cha kwanza wadini, pale barabara inapokaribiana na mashamba, maji hayako mbali. Sikuwahi kupeleka mgeni pale. Nilipita tu.

"Tutafika," nikasema.

Ni neno moja. Lakini lilikuwa langu, na kwa saa mbili nilikaa nalo garini kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani.

Tulifika saa tisa u nusu, maana kabla ya kuondoka tuliswali adhuhuri na Ba akala. Kivuli cha mlima kilikuwa kimeshashuka mpaka nusu ya mitende. Simu huko hazishiki, kwa hiyo wale waliokwenda na Yusufu kule juu bwawani hatukuweza kuwaambia lolote. Ammi aliegesha karibu na msikiti, akasema anakwenda kuswali alasiri, na mimi nitaswali baada yake, mmoja abaki na wageni. Nilimwomba kwa macho asiende. Akaenda.

Kando ya barabara ulikuwapo mfereji wa falaji, umejengwa kwa mawe, maji yake yanakwenda mbio na kung'aa. Ba alipouona akatabasamu, akafungua kikopo na kuinama. Kirit akamshika mkono asianguke.

"Ba, hapo hapana," nikasema.

Nilisema kwa sauti kubwa mno. Mbuzi mmoja aliacha kula. Ba akabaki ameinama, maua mkononi.

Ilibidi nieleze, na hakukuwa na mtu mwingine wa kueleza. Nikawaambia falaji ina adabu zake. Maji ya juu ni ya kunywa, kijiji kizima kinachota hapo. Yakishuka yanapita msikitini watu watawadhe, kisha penye kuogea, kisha penye kufulia, kisha yanagawiwa mashambani kwa zamu, na yanayobaki yanarudi wadini. Ukitupa ua hapa juu, atalikuta mtu kwenye kikombe chake. Maua ya Ba yanatakiwa mwisho kabisa, kule chini yanakotoka mashambani, na njia ya kwenda kule inapita ndani ya shamba la mtu.

Ba akasimama wima. "Basi ongea na mwenye shamba," akasema, kana kwamba ni jambo ninalolifanya kila siku.

Mwenye shamba alikuwa mzee aitwaye Khalfan, na alikuwa ameshatoka kuona nani anapiga kelele. Kiarabu changu ni cha kununua vitu na kuuliza barabara. Hakina maneno ya msiba. Nikamwambia kwa hicho hicho: bibi huyu alizaliwa Matrah. Dada yake amekufa. Baba yao aliwaahidi maji, hakuwaleta. Ana maua, anataka kuyaweka, na mimi ndiye niliyemchelewesha. Hilo la mwisho halikuwa na haja, lilitoka lenyewe.

Mzee Khalfan alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu, baba yao alikuwa na kazi gani. Nikasema duka la vitambaa. Akatikisa kichwa, akasema wenye maduka hawana nafasi. Kisha akatandika mkeka.

Kirit akanong'ona, "Anafanya nini? Jua linazama."

"Analeta kahawa."

"Mwambie asante, hatuna wakati."

"Bwana Kirit, hapa kahawa si kinywaji. Ni ruhusa."

Maneno hayo ni ya Ammi Salum, nimemsikia akiyasema mara mia. Ila siku hiyo aliyeyasema ni mimi, na Bwana Kirit wa magodoro akakaa chini akakunja miguu. Tukala tende, tukanywa vikombe viwili viwili. Ba hakupenda kahawa ile, niliona usoni, lakini aliinywa kama dawa ya bei ghali. Nilimwonyesha kutikisa kikombe atakapotosheka. Alikitikisa kwa nguvu sana.

Mke wa mzee Khalfan alisimama mlangoni muda wote akimtazama Ba. Akamwuliza mumewe jambo, akajibiwa, akaingia ndani. Tulipoinuka akatoka na kisu na fungu la rihani yenye kunukia aliyoikata uani. Akaiweka juu ya maua ndani ya kile kikopo, akaushika mkono wa Ba kidogo, akarudi. Ba akaniuliza ya nini. Nikamwambia huku kwetu rihani huwekwa kaburini. Akainusa. Akasema kwao ipo nyingine inayofanana nayo, hupandwa mlangoni mwa nyumba.

Tukashuka kwa tuta jembamba kati ya migomba na mitende, mzee Khalfan mbele, Kirit nyuma, Ba kati akiegemea mkono wangu. Alikuwa mwepesi. Nilimwambia jiwe hili linacheza, hapa kanyaga kushoto, hapa inama. Alipochoka tulisimama, na alipouliza kama bado nikasema tukifika. Nilizungumza njia nzima. Sijui nilisema nini kingine, ila nakumbuka kuwa baadaye Kirit alimwambia Ammi aliyetufuata kutoka msikitini, "Huyu mnamwita Bubu kwa nini?"

Mwisho wa shamba, mfereji ulimwaga maji yake wadini kwa sauti ndogo. Maji ya wadi yalikuwa yakipita juu ya changarawe, safi, yanafika magotini. Ba akavua kandambili. Akakaa juu ya jiwe, akaingiza miguu. Samaki wadogo wakaja. Akacheka kidogo kwa kutekenywa, akauliza kama kuna mamba.

"Hakuna, Ba."

Akasema maneno yake kwa lugha yake. Sisi tukatazama mlimani. Kisha akayaweka maua majini kwa mikono yote miwili, ya manjano na mekundu, na rihani katikati yake. Yakaondoka pamoja, yakazunguka mara moja, yakaenda kama hatua sita. Yakafika kwenye jiwe kubwa la katikati, yakakwama.

Tukangoja. Maji yalipita pande zote mbili, maua yakabaki yanatikisika tu pale pale. Kivuli kilikuwa kimevuka ng'ambo. Kirit akatazama saa yake, kisha akaificha ndani ya mkono wa shati. Mzee Khalfan alinong'ona kuwa maji leo hayana nguvu. Nikaona kwamba bibi huyu ametoka Dar mpaka hapa, na mimi nimemfanya achelewe, na sasa maua hayaendi. Nikakunja suruali, nikaingia majini nikayasukume.

Ba akanishika shati.

"Lila ndivyo alivyo," akasema. "Akitumwa sokoni kila mlango lazima asimame aongee. Mwache amalize."

Nikatoka majini, nikakaa kando yake. Hakuna aliyesema lolote juu ya wakati. Tulikaa pale, mwenye shamba, mwenye magodoro, Ammi Salum na mimi, tukimngoja dada wa mtu amalize mazungumzo yake, mpaka akaondoka mwenyewe.